Chaja ipi ununue Lamu: ya kampuni ya simu, ya jina jingine, ya bei poa au ya betri ya sola?

Ukiingia duka la simu pale Langoni ukaomba chaja, muuzaji atakuuliza, "Ya bei gani?" Kisha atakupangia tatu au nne juu ya kioo. Zote nyeupe, zote zina tundu la USB, na ukizijaribu zote zitawasha alama ya betri. Kwa macho huzitofautishi. Tofauti yao imefungiwa ndani ya plastiki, na hiyo ndiyo inayoamua kama simu itajaa kwa saa moja au nne, kama betri itadumu, na kama mtoto atakayeishika simu ikiwa inachaji atakuwa salama.

Hapa nalinganisha aina nne ambazo mtu wa Lamu anazipata, awe mjini, Shela, Matondoni au huko Faza na Kizingitini: chaja ya kampuni iliyotengeneza simu yenyewe, chaja ya kampuni nyingine yenye jina, chaja isiyo na jina ya kibandani, na chaja ya volti 12 inayofungwa kwenye betri ya sola au ya boti. Zote nazipima kwa vigezo vile vile: usalama, kasi, kustahimili hewa na umeme wa huku kwetu, pini zake, na bei pamoja na nani wa kumrudia ikiharibika.

Vigezo, na kwa nini usalama unatangulia

Umeme wa ukutani Kenya ni volti 240. Simu inataka volti 5, na zile zinazochaji haraka hupanda hadi 9 au zaidi. Kwa hiyo chaja ina kazi mbili: kuushusha umeme na kuutenga. Hii ya pili ndiyo isiyozungumzwa. Ndani ya kichwa cha chaja mna upande wa ukuta na upande wa simu, na katikati pana transfoma ndogo inayopitisha nguvu kwa sumaku, bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule. Chaja iliyotengenezwa vizuri huacha nafasi ya milimita kadhaa baina ya pande hizo kwenye ubao wa saketi, na waya wa transfoma huvikwa zaidi ya tabaka moja la kuzuia umeme. Chaja feki hubana nafasi hiyo hata ikawa chini ya milimita moja, kwa sababu kubana ni rahisi na ni nafuu. Itafanya kazi, tena huenda kwa miezi. Siku unyevu ukiingia au tone la lehemu likibanduka, zile volti 240 zinavuka, zinafuata kebo na kufika kwenye bodi ya simu iliyo mkononi mwako.

Mwaka 2016 wakaguzi wa viwango vya biashara wa Uingereza walitangaza matokeo ya kupima chaja bandia 400 zilizonunuliwa mtandaoni kutoka nchi mbalimbali. Zilizokuwa na kinga ya kutosha dhidi ya kumpiga mtu umeme zilikuwa tatu.

Kwetu kigezo hiki kina uzito zaidi. Ndani ya nyumba twatembea miguu mitupu. Sakafu hushika unyevu, hasa vyumba vya chini vya nyumba za mawe. Mtu hutoka kuoga au kutawadha, simu ikalia, akaiokota mikono ikiwa bado na maji. Ngozi kavu na viatu huuzuia umeme kwa kiasi. Mwili ulioroa uliosimama juu ya sakafu mbichi huupitisha. Chaja ambayo mahali pakavu ingekushtua tu, hapa yaweza kuua.

Kasi hupimwa kwa wati, nazo ni volti mara ampea. Tundu la zamani la USB la kompyuta hutoa volti 5 kwa nusu ampea, yaani wati 2.5. USB-C ya kawaida hufika volti 5 kwa ampea 3, ambazo ni wati 15. Mfumo uitwao USB Power Delivery, ambao kwenye chaja huandikwa PD, hupanda hadi volti 20 na wati 100, na tangu 2021 viwango vyake vimeruhusu hadi wati 240 kwa ajili ya kompyuta kubwa. Wengi huogopa kwamba chaja ya wati nyingi itaunguza simu ndogo. Chaja ya kweli haifanyi hivyo. Huanza na volti 5, husubiri simu iseme inataka nini, na simu ndiyo inayovuta kiasi chake. Ukichomeka simu ya wati 10 kwenye chaja ya wati 65, itavuta wati 10. Kinachoharibu betri ni joto, na volti zisizotulia za chaja mbovu, hata ikiwa ndogo.

Upande wa pili wa hesabu huwapata wenye tableti. Tableti ya kawaida ina betri ya saa-wati 28 hivi (saa-wati ni wati mara saa). Ukiipa kile kichwa kidogo cha wati 5 itachukua zaidi ya saa sita kujaa, na mtoto akiwa anasomea juu yake huenda isipande kabisa. Mara nyingi watu huipeleka kwa fundi wakidhani betri imekufa, kumbe kichwa cha chaja ni kidogo.

Kuhusu hewa yetu, chumvi haina msimu. Hujishika kwenye pini na ndani ya tundu, na kwenye unyevu pamoja na umeme hugeuka kutu ya kijani. Umeme nao ukikatika na kurudi huweza kurudi kwa kishindo, volti zikapanda na kushuka kabla ya kutulia. Chaja nzuri ina vipande vya kufyonza mrusho huo. Chaja mbaya huupitisha au huungua.

Pini nazo zisipuuzwe. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, kama za Uingereza na za Dubai. Chaja nyingi za bei poa zina pini mbili za mviringo, na sote twajua zinavyoingizwa: kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili kufungua vifuniko vya ndani, kisha chaja inasukumwa kwa nguvu. Vifuniko hivyo viliwekwa ili mtoto asitie kidole au msumari. Na pini ya mviringo ndani ya tundu bapa haikai imara. Hulegea, hutoa cheche, plastiki hupata joto hadi ikageuka rangi. Ukiona soketi yako ina doa la kahawia, hapo ndipo lilipotoka.

Chaja ya kampuni iliyotengeneza simu

Kwa usalama, ikiwa ni ya kweli, hii haina mengi ya kuhofia. Kampuni yenye jina kubwa haiwezi kutoa chaja inayoua watu ikabaki sokoni. Shida yake iko kwenye hilo neno "ya kweli". Apple iliacha kuweka chaja ndani ya boksi la iPhone mwaka 2020, na Samsung ikafuata 2021 kwa simu zake za juu. Watu wakalazimika kununua kichwa peke yake, na wenye kutengeneza feki wakapata soko. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016, Apple iliiambia mahakama Marekani kwamba katika chaja na kebo ilizonunua kupitia Amazon zikiitwa za Apple, karibu asilimia 90 zilikuwa bandia. Ikiwa hali ilikuwa hiyo kwenye soko kubwa namna ile, neno "orijino" peke yake juu ya kioo cha duka halitoshi kuwa ushahidi.

Kwa kasi, hii ndiyo inayoifikisha simu kwenye wati zake zote. Baadhi ya kampuni zina mfumo wao wenyewe. SuperVOOC ya Oppo, kwa mfano, hutaka kichwa chake na kebo yake. Ukitumia nyingine, simu bado itachaji ila itashuka hadi mwendo wa kawaida. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel bado huja na chaja ndani ya boksi. Mwenye simu hizo anayo tayari chaja inayoifaa zaidi simu yake, na ni hasara kuiacha ndani ya droo kisha ukatumia ya kuazima.

Chumvi na unyevu huistahimili vizuri kuliko nyingi, ingawa haikutengenezwa kwa kuingia maji. Pini mara nyingi ni sahihi ikiwa simu iliuzwa kwa soko la Kenya. Ile uliyoletewa na jamaa kutoka ng'ambo angalia maandishi yake: ikiwa imeandikwa 100–240V itafanya kazi hapa, na kilichobaki ni kupata adapta nzuri ya pini. Ikiandikwa 110V au 120V pekee, usiichomeke.

Bei yake ni ya juu. Na kuipata mahali penye risiti ya muuzaji aliyeidhinishwa ni rahisi zaidi Mombasa kuliko visiwani. Lakini ukiwa na risiti hiyo una mtu wa kumrudia, na jambo hilo nalo lina bei yake.

Inamfaa mwenye simu moja tu ya kampuni yenye mfumo wake wa kuchaji haraka, na anayeweza kumwagiza mtu anayekwenda Mombasa.

Chaja ya kampuni nyingine yenye jina

Hapa nazungumzia majina kama Anker, Ugreen, Belkin na Oraimo. Hili la mwisho ni la kundi la Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, na ndilo utakalokutana nalo sana madukani kwetu.

Usalama wake, ikiwa ni ya kweli, uko karibu sawa na wa chaja ya kampuni ya simu. Nayo hughushiwa, lakini baadhi ya kampuni hizi hubandika kwenye boksi namba ya kukwangua ambayo unaiingiza kwenye tovuti yao ukajua kama bidhaa ni yao. Ikwangue palepale dukani kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Kwa kasi, faida yake ni kuhudumia vifaa vya kila aina. Ulaya ilipitisha sheria kwamba simu na tableti mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu la USB-C, na iPhone yenyewe ilihamia huko mwaka 2023. Kwa hiyo nyumba yenye Samsung ya baba, iPhone ya dada na tableti ya watoto yaweza kutumia kichwa kimoja cha PD chenye matundu mawili. Soma maandishi madogo lakini. Kichwa cha wati 30 chenye matundu mawili kwa kawaida hugawanya wati hizo ukichomeka vifaa viwili, na tableti inaweza kubaki na 12 au 15. Mwenye Samsung anayetaka ile kasi ya wati 25 atafute maandishi PPS, yaani njia ya simu kurekebisha volti kidogo kidogo, pamoja na PD. Bila PPS itachaji, ila polepole zaidi.

Zile ndogo zinazoandikwa GaN hutumia galiamu nitraidi badala ya silikoni. Hupoteza nguvu kidogo kwa njia ya joto, na katika vyumba vyetu visivyopitisha upepo hilo si dogo.

Kwenye pini uwe mkali. Kampuni hizi hutoa chaja ile ile kwa masoko tofauti, na zile za pini mbili za Ulaya au za Uchina hufika hapa kwa wingi kwa kuwa ni nafuu. Omba yenye pini tatu bapa.

Bei huwa kati ya chaja asilia na ile ya kibandani, na majina mengine hupanda hadi kulingana na asilia. Kudai dhamana inawezekana ukihifadhi boksi na risiti.

Inazifaa familia, wenye nyumba za wageni, na yeyote ambaye simu yake ni ya PD ya kawaida.

Chaja isiyo na jina

Tuseme haki yake kwanza. Inapatikana kila mahali, hata Siyu na Kiunga ambako hutapata nyingine. Inauzwa mia mbili au mia tatu. Mvuvi ambaye chaja yake imekufa usiku na alfajiri anatoka hawezi kungoja mtu arudi kutoka Mombasa. Na si kila isiyo na jina ni mbaya, kwani kuna viwanda vidogo vinavyotengeneza vizuri bila kujitangaza. Kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, inayotaka wati tatu au nne, chaja ndogo iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba huna njia ya kuijua ile nzuri. Kwa usalama, hakuna anayeijibia: boksi halina anwani, na wiki ijayo boksi lile lile litakuwa na kitu kingine ndani. Kwa kasi, maandishi "5V 2.1A" mara nyingi ni ya kupamba, na ukiilazimisha kutoa kiasi hicho hupata moto. Volti zake zisizotulia huonekana kwenye kioo cha simu: ukigusa huku inachaji, kioo kinaruka chenyewe, herufi zinajiandika. Ukiona hivyo chomoa. Kwa chumvi na mrusho wa umeme haina ulinzi. Pini mara nyingi ni zile za mviringo. Bei ni ya chini siku ya kununua, ila wengi hununua tatu au nne kwa mwaka, na hapo wamekaribia bei ya ile yenye jina.

Ikiwa ndiyo pekee iliyopo, ichague kwa mikono na macho. Ipime uzito: iliyo nyepesi kama ganda tupu haina ndani vipande vinavyotakiwa. Ikiwa ni ya pini tatu, umbali kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa chaja uwe angalau milimita 9.5, ili kidole kisifike kwenye chuma unapochomoa. Tafuta alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kinga mara mbili, na maandishi 100–240V. Herufi zilizokosewa ni dalili mbaya. Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, au stika yake ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Alama hizi nazo hughushiwa, kwa hiyo zichukue pamoja na dalili nyingine.

Kisha iwekee masharti: ichomeke ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au sahani, mbali na chandarua, godoro na makuti, na simu usiishike mpaka uichomoe. Usilale ikiwa inachaji.

Inamfaa aliyebanwa leo, kwa simu ndogo, kwa muda mfupi.

Chaja ya volti 12 kwenye betri ya sola au ya boti

Hii husahaulika kwenye ulinganisho mwingi, kumbe kwa visiwani na baharini ndiyo chaja ya kila siku. Ni kile kichwa kinachoingia kwenye tundu la gari, au kile cha kufunga kwenye ubao chenye matundu mawili ya USB.

Upande wa usalama, ina jambo moja ambalo zile tatu hazina: hakuna volti 240. Hata ikiharibika vibaya, volti 12 hazimpigi mtu umeme wa kuua. Hatari yake ni moto. Betri ya risasi na tindikali ikiguswa waya chanya na hasi hutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya mwembamba hugeuka mwekundu kwa sekunde chache. Ndani ya boti la faiba lenye petroli hilo ni janga. Kwa hiyo fyuzi ni lazima, nayo ikae karibu na betri kwenye waya chanya, si karibu na chaja. Waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi, na unapaswa kuwa mfupi kadiri iwezekanavyo. Kwa chaja moja ya simu, fyuzi ya ampea 5 yatosha.

Kosa la pili la kawaida ni kuunganisha chaja moja kwa moja kwenye paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12, juani na ikiwa haina mzigo, hutoa zaidi ya volti 20, na hupanda na kushuka kila wingu likipita. Pitisha kwanza kwenye chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia betrini, na kwenye betri. Vifurushi vidogo kama vya M-KOPA, Sun King na d.light vina matundu yake ya USB yaliyokwisha kudhibitiwa, na hapo huna haja ya kuongeza kitu, ila kasi yake ni ya kawaida.

Kasi inategemea kichwa unachonunua. Kilichoandikwa 12–24V na PD wati 20 au zaidi kitachaji simu haraka kama cha ukutani. Lakini hesabu betri. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina saa-wati 84, na ya aina ya risasi ukitaka idumu utumie nusu tu, yaani 42. Simu ya mAh 5,000 hubeba saa-wati 19 hivi, na ukijumlisha kinachopotea njiani ni kama 24. Betri hiyo basi haifikii simu mbili, na taa bado hujawasha. Ndiyo sababu nasisitiza kuchaji kutoka volti 12 moja kwa moja badala ya kuwasha inveta. Kupandisha umeme hadi 240 kisha kuushusha tena hadi 5 ni kupoteza mara mbili, na inveta hula betri hata kama hakuna kilichochomekwa.

Kwenye chumvi ndiko inakoumia. Tundu la gari la kawaida halikutengenezwa kwa bahari, na likirushiwa maji mara kadhaa linashika kutu ndani. Nunua la boti lenye kifuniko cha mpira, lifunge juu na kwa kuelekea chini, na lipanguse kwa kitambaa kikavu ukirudi. Mashine ikiwashwa volti hushuka ghafla kisha hupanda, kwa hiyo chomeka simu baada ya mashine kuwaka.

Pini za ukutani hazihusiki hapa. Bei ya kichwa ni ya kati. Gharama ya kweli ni waya, fyuzi na fundi anayejua kazi. Dhamana ni ya kichwa tu. Ufungaji uko juu ya fundi wako.

Inawafaa wavuvi, manahodha, na nyumba za visiwani zenye sola.

Neno kuhusu kebo na tundu la simu

Kichwa kizuri na kebo mbovu ni chaja mbovu. Kebo za USB-C za kawaida hubeba ampea 3. Zaidi ya hapo zinahitaji chipu ndani. Mwaka 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akipima kebo kwa hiari yake, alipata kebo iliyounganishwa kinyume na ikaiharibu kompyuta yake. Kebo iliyochubuka ikaonyesha waya, au inayochaji ukiikunja upande fulani tu, itupe. Utepe wa plasta hauiponyi.

Simu iliyoingia maji ya chumvi isichomekwe kabisa mpaka tundu likauke. Samsung na iPhone hutoa onyo kwenye kioo zikihisi unyevu, usilipuuze. Igeuze tundu likiangalia chini, igonge taratibu kwenye kiganja, iache mahali penye upepo. Usiitie mchele, na usichokoe kwa sindano.

Ukihisi mwasho mdogo sana unapopapasa mgongo wa chuma wa tableti inayochajiwa, huo hutokea hata kwa chaja nzuri, kwani zina kipande kinachovujisha umeme kidogo mno. Ukihisi kurushwa, ni jambo jingine. Zima soketi kwanza, kisha chomoa, na chaja hiyo isirudi ukutani wala isigawiwe mtu.

Kwa hali yako

Simu yako ilikuja na chaja na bado nzima: itumie hiyo, na pesa uiweke kwenye kebo nzuri.

Nyumba ina simu tatu nne na tableti ya shule: kichwa kimoja chenye jina, pini tatu bapa, PD yenye PPS, wati 45 au zaidi ili kigawanyike bila tableti kulala njaa. Kiweke mahali pamoja pakavu, juu kuliko mkono wa mtoto mdogo unapofika.

Una nyumba ya wageni Shela: wageni kutoka Ulaya huja na pini mbili za mviringo na watachokoa soketi zako wasipopata njia. Weka kila chumba kichwa chenye jina cha pini tatu, chenye tundu la USB-C na la USB ya zamani.

Una kibanda cha kuchajisha simu za watu: usijaze ekstensheni moja vichwa vidogo ishirini vya wateja. Nunua vichwa vichache vya matundu mengi vyenye jina, ekstensheni yenye fyuzi na swichi, usichaji usiku ukiwa umefunga mlango, na kataa kichwa cha mteja kinachonuka au kupata joto kali.

Wewe ni mvuvi au nahodha: volti 12 yenye fyuzi na kifuniko, pamoja na pawabenki ya kampuni yenye jina ndani ya mfuko usiopitisha maji. Pawabenki hiyo ijazwe nyumbani.

Umeme wa mtaani kwako hukatika mara kwa mara: chaja yoyote uliyo nayo, ichomoe umeme ukikatika na uirudishe dakika chache baada ya taa kutulia.

Una mia tatu tu leo: ukiweza, azima chaja nzima ya jirani kwa saa mbili na uendelee kuweka akiba ya ile yenye jina. Ukishindwa, nunua ya kibandani kwa zile dalili za juu, omba risiti hata ya kuandikwa kwa mkono, na umuulize muuzaji mbele ya watu: "Ami, hii ikifa ndani ya wiki naweza kukurudishia?" Akisita, nenda duka la pili.